Traki ya 18

Disketi mpya ya inchi tano na robo haina kitu. Haina traki, haina sekta, haina hata mahali panapoweza kuitwa mwanzo. Ni duara jembamba la plastiki lililopakwa oksidi ya chuma, likafungiwa ndani ya bahasha nyeusi yenye mwanya wa kupitishia kichwa cha kusomea. Mtu aliyeinunua mwaka 1983 na kuitia moja kwa moja kwenye draivu ya Commodore aliona taa nyekundu ikimemeteka: draivu imetafuta alama ya kushika, haikuona. Ilibidi kwanza aifomati. Kwa zaidi ya dakika moja kichwa kilisogea hatua kwa hatua kutoka ukingoni kuelekea kitovuni, kikiandika miduara isiyoonekana kwa macho, na katika kila duara kikaweka alama za sekta moja baada ya nyingine. Kazi ilipokwisha, plastiki ile ilikuwa na anwani.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu disketi kwa sura yake ya mwisho, ile ngumu ya inchi tatu na nusu yenye kifuniko cha chuma, iliyobebwa mfukoni kwenda kwenye migahawa ya intaneti ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Kufikia wakati huo dunia ilikuwa imeshaelewana. Kilichoandikwa kwenye kompyuta ya ofisini kilisomeka kwenye kompyuta ya mgahawani, na mwenye disketi hakuwa na sababu ya kujua kwa nini. Sura hii inarudi nyuma ya hapo, kwenye miaka kumi hivi kuanzia 1978, wakati maelewano hayo hayakuwapo. Disketi ya Apple haikusomeka kwenye Commodore, ya Commodore haikusomeka kwenye BBC Micro, ingawa zote tatu huenda zilitoka kwenye boksi moja dukani.

Kila kampuni ilijibu maswali yale yale. Duara likatwe vipande vingapi? Kipande kipi ni cha faili lipi? Vipande vilivyo wazi vitajulikanaje? Na swali ambalo naliona zito kuliko yote: ujuzi huo wenyewe, yaani habari kuhusu habari, uwekwe wapi? Barua ya mtu ni mfululizo wa namba tu, na namba zinaweza kukaa popote. Kinachoamua kama barua itaonekana kesho ni ile sehemu ndogo ya disketi inayosema barua iko wapi. Nimezisoma fomati nyingi za zama zile, na kila mara nikitaka kuielewa mashine huanza na swali hilo moja.

Disketi ya kwanza, ya inchi nane, ilitolewa na IBM mwaka 1971 kwa ajili ya kupakia programu za ndani za mashine zake kubwa za System/370. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ilileta draivu ndogo ya inchi tano na robo, SA400, na hiyo ndiyo iliyoufungua mlango wa nyumbani. Ilikuwa na traki 35. Traki ni duara lililofungwa; kichwa kikitaka kutoka traki moja kwenda nyingine, mota hukisogeza hatua moja kamili. Disketi inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja unachukua sehemu ya tano ya sekunde. Muda huo ndio adhabu ya kila uzembe katika hadithi hii: sekta unayoitaka ikipita kabla hujawa tayari, utasubiri mzunguko mzima irudi.

Desemba 1977 Mike Markkula, mwenyekiti wa Apple, alimwomba Steve Wozniak atengeneze draivu. Markkula alikuwa na programu ya kukagua hesabu zake za hundi, na alichoshwa na muda wa kuipakia kutoka kwenye kaseti. Wozniak aliichukua draivu ya Shugart, akang'oa sehemu kubwa ya elektroniki iliyokuwa ndani, na kazi iliyofanywa na saketi zile akaikabidhi programu. Hakutumia hata lile tundu dogo la kwenye disketi ambalo wengine walilitegemea kujua duara linaanzia wapi. Januari 1978 draivu yake ilionyeshwa Las Vegas.

Ili kuona alichokifanya, inabidi tushuke hadi chini kabisa. Kichwa cha draivu hakisomi sufuri na moja. Kinachohisi ni mahali ambapo mwelekeo wa sumaku unageuka. Geuko linahesabiwa kuwa moja. Muda ukipita bila geuko, hiyo ni sufuri. Lakini hakuna mota inayozunguka kwa kasi isiyotetereka hata kidogo, hivyo sufuri nyingi zikifuatana mashine inapotea: zilikuwa nne, au tano? Wozniak akajiwekea sharti kwamba kila baiti inayoandikwa kwenye disketi ianze na moja, na isiwe na sufuri mbili zinazofuatana. Katika baiti 256 zinazowezekana, 34 tu ndizo zinazotimiza sharti hilo. Thelathini na mbili kati yake zilitosha kubeba biti tano za data kila moja. Zikabaki mbili, ambazo kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita huandikwa D5 na AA. Hizo hazikupewa data ya kubeba, na kwa kuwa hazibebi data, zikionekana zimefuatana haziwezi kuwa na maana nyingine isipokuwa moja: hapa kuna alama. Programu ilisikiliza mkondo wa baiti mpaka ikutane na D5 na AA, kisha ikasoma namba ya traki na sekta iliyoandikwa baada yake. Mwanzo wa duara haukuhitajika tena.

Gharama ilikuwepo. Baiti 256 za mtumiaji ziligeuka kuwa 410 zikifika kwenye disketi, na traki moja ilimeza sekta 13 tu. Mwaka 1980 Apple iliamua kwamba elektroniki ile inavumilia jozi moja ya sufuri ndani ya baiti. Kwa kulegeza sharti hilo, ruwaza zinazofaa ziliongezeka, zikachaguliwa 64, kila moja ikibeba biti sita, na baiti 256 zikashuka hadi 342. Sekta 16 zikaingia kwenye traki ile ile. Disketi ikapanda kutoka baiti 116,480 hadi 143,360, kwa draivu zile zile na plastiki ile ile, baada ya kubadilisha chipu mbili ndogo. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba ukubwa wa disketi haumo kwenye plastiki.

Orodha ya mafaili Apple iliiweka traki ya 17. Tutairudia namba hiyo sasa hivi.

*

Draivu ya Commodore 1541, iliyotoka mwaka 1982 kwa ajili ya VIC-20 na Commodore 64, ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo akitaka kuelewa jambo hili, kwa sababu ndani yake kila kitu kinaonekana. Kwanza, draivu yenyewe ni kompyuta. Ina prosesa yake ya 6502, kilobaiti 2 za kumbukumbu, na kilobaiti 16 za programu ya kudumu. Commodore 64 haijui traki wala sekta. Inatuma jina la faili kupitia waya, na draivu ndiyo inayohangaika. Ujuzi wote kuhusu disketi ulikaa ndani ya boksi lile zito la rangi ya kahawia, mbali na kompyuta.

Pili, Commodore ilikataa kuipoteza nafasi ya ukingoni. Traki ya 1 ni ndefu kuliko traki ya 35 iliyo karibu na kitovu, lakini zote zinakamilisha mzunguko kwa muda ule ule. Apple iliandika sekta 16 kila mahali. Draivu ya 1541 ilibadilisha kasi ya kuandika kulingana na urefu wa traki: sekta 21 kwenye traki za 1 hadi 17, sekta 19 kwenye za 18 hadi 24, sekta 18 hadi traki ya 30, na sekta 17 kwenye tano za mwisho. Zijumlishe utapata sekta 683 za baiti 256, yaani baiti 174,848 kwa upande mmoja wa disketi.

Tatu, orodha. Ondoa traki 17 upande wa nje na 17 upande wa ndani. Inayobaki katikati ni ya 18. Hapo ndipo Commodore ilipoweka kila inachokijua. Apple ilihesabu traki zake kuanzia sufuri, kwa hiyo traki yake ya 17 na traki ya 18 ya Commodore ni duara lile lile. Sababu ni moja pia: kichwa kinakwenda kwenye orodha mara nyingi kuliko mahali pengine popote, na kutoka katikati hakuna safari inayozidi hatua 17.

Sekta ya kwanza ya traki hiyo, inayoandikwa 18/0, ina ramani ya nafasi. Kila traki imepewa baiti nne. Baiti ya kwanza inasema sekta ngapi ziko wazi, na tatu zinazofuata zinatoa biti 24, moja kwa kila sekta: moja maana yake wazi, sufuri maana yake imechukuliwa. Sekta hiyo hiyo ina jina la disketi na herufi mbili za utambulisho, ambazo pia zimeandikwa kwenye alama ya kila sekta ili draivu igundue kama mtu amebadilisha disketi bila kuaga. Kuanzia 18/1 ndipo majina ya mafaili yanapoanza. Kila jina lina baiti 32: aina ya faili, traki na sekta ya kuanzia, herufi 16 za jina, na idadi ya sekta lililozichukua. Majina manane yanaenea katika sekta moja, sekta 18 zimebaki, hivyo disketi inabeba mafaili 144 na si zaidi. Traki yote hiyo ikiondolewa, mtumiaji anabaki na sekta 664. Kila aliyewahi kumiliki Commodore 64 anaikumbuka namba hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyotokea chini ya orodha tupu alipoandika LOAD "$",8 na kisha LIST.

Orodha inataja sekta ya kwanza tu. Zilizobaki zinajitaja zenyewe. Baiti mbili za mwanzo za kila sekta zinasema traki na sekta inayofuata, na data inachukua baiti 254 zilizobaki. Faili linaloanzia 17/0 kwa kawaida linaendelea 17/10, kisha 17/20, kisha 17/8. Kuruka huko ni kwa makusudi. Wakati draivu inaifumbua sekta na kuituma kwenye waya, disketi haisimami. Sekta jirani ingekuwa imeshapita. Sekta ya mwisho ina sufuri mahali pa namba ya traki, na baiti ya pili inaonyesha data inaishia wapi.

Kilichowaudhi watu ni mwendo. Waya wa draivu ulipitisha baiti kama 400 kwa sekunde, hivyo mchezo wa kilobaiti 40 ulimkalisha mtoto mbele ya skrini karibu dakika mbili. Fomati haikuwa na kosa hapo. Mpango wa awali wa Commodore ulitegemea chipu moja kusukuma biti kwa haraka, chipu ikaonekana ina hitilafu, na kazi ikahamishiwa kwenye programu inayosukuma biti moja moja. Lakini kwa kuwa draivu ilikuwa kompyuta, watu wa nje waliweza kuifundisha upya. Programu kama Epyx FastLoad ya mwaka 1984 zilituma msimbo wao ndani ya zile kilobaiti 2 za draivu na kubadilisha namna inavyozungumza na kompyuta. Disketi zile zile zikasomwa mara kadhaa kwa kasi zaidi, bila kuandikwa upya hata sekta moja.

Sasa tazama faili linapofutwa. Draivu inakwenda 18/1, inaibadilisha baiti ya aina ya faili kuwa sufuri, na inawasha biti za sekta zake kwenye ramani kuonyesha kuwa ziko wazi. Basi. Jina liko pale pale, sekta ya kuanzia iko pale pale, mnyororo wote uko pale pale na data yake. Mtu mwenye programu ya kuhariri sekta anaweza kuirudisha baiti ile moja, kisha akaiamuru draivu ikague disketi nzima. Amri hiyo ya ukaguzi inachukua kila jina kwenye orodha, inafuata mnyororo wake hadi mwisho, na inajenga ramani ya nafasi upya kabisa. Maana yake ni kwamba ramani ya nafasi haina ujuzi wowote wa pekee. Yote yaliyomo yanaweza kupatikana kwa kutembea.

Hatari ilikuwa kwenye faili lililoachwa bila kufungwa, kwa mfano umeme ukikatika katikati ya kuandika. Orodha ililionyesha kwa kinyota. Mnyororo wake haukuwa na mwisho; sekta ya mwisho ilibaki na namba za zamani zilizosalia kutoka faili lingine lililowahi kukaa hapo. Aliyelifuta faili hilo kwa amri ya kawaida aliifanya draivu iufuate mnyororo hadi kwenye sekta za faili zima la mtu, na kuzitangaza kuwa wazi. Hakuna kilichoonekana siku hiyo. Hasara ilijitokeza baadaye, faili jipya lilipoandikwa juu ya sekta hizo. Wenye uzoefu walijua kwamba faili la kinyota halifutwi kamwe. Disketi hukaguliwa, na ukaguzi huliondoa salama.

*

Uingereza walikwenda njia nyingine kabisa. BBC Micro ya Acorn, kompyuta iliyoingia shule nyingi za nchi hiyo kuanzia mwaka 1981, ilitumia mfumo wa disketi ambao orodha yake yote inaenea kwenye sekta mbili za kwanza za traki ya kwanza. Traki ina sekta 10 za baiti 256; disketi ya traki 40 inabeba kilobaiti 100, ya traki 80 inabeba 200. Sekta ya kwanza ina baiti nane za kichwa cha disketi, halafu majina 31 yenye baiti nane kila moja: herufi saba za jina na herufi moja ya kundi. Nane kujumlisha 31 mara nane ni 256 kamili. Sekta ya pili ina mpangilio ule ule, ila mahali pa majina pana anwani za kumbukumbu, urefu wa faili, na sekta linapoanzia. Hakuna ramani ya nafasi, hakuna minyororo. Faili linaanza sekta fulani na linakwenda moja kwa moja bila kukatika hadi linapoishia.

Nina mapenzi na mpango huu. Sekta mbili zikisomwa, kompyuta inajua kila kitu, na faili linapakiwa kwa mkupuo mmoja. Lakini mafaili yanakaa kama nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukuta kwa ukuta: anayetaka kuongeza chumba anakutana na ukuta wa jirani. Programu iliyofungua faili jipya la kuandikia ilitengewa kilobaiti 16 kwa kukisia, na ikizijaza huku nyuma yake pana faili lingine, ilipewa kosa la kusema kwamba haiwezi kuongezewa. Mtu aliweza kuambiwa hakuna nafasi ilhali nusu ya disketi iko wazi, kwa kuwa uwazi ulikuwa umetawanyika kati ya mafaili. Tiba ilikuwa amri ya *COMPACT, iliyoyasogeza mafaili yote kuelekea mwanzo. Ilitumia kumbukumbu ya kompyuta kama mahali pa kupitishia, kwa hiyo programu uliyokuwa unaiandika, kama hukuihifadhi, ilifutika.

Mfumo wa CP/M wa Gary Kildall ni wa zamani kuliko yote niliyotaja, wa mwaka 1974, na ulitumika kwenye mashine za makampuni mengi. Kwenye disketi yake ya kawaida ya inchi nane, yenye traki 77, sekta 26 kwa traki na baiti 128 kwa sekta, hakuna ramani ya nafasi mahali popote. Disketi inapoingizwa, CP/M inasoma majina yote, na kila jina lina namba za bloku lilizozichukua. Kutokana na hizo inajichorea ramani ndani ya kumbukumbu, na inaitupa kazi ikiisha. Ujuzi ule ambao Commodore iliuandika mara mbili, Kildall aliuandika mara moja. Ramani iliyozeeka haiwezi kuwapo, kwa kuwa ramani haihifadhiwi. Ila ukibadilisha disketi katikati ya kazi bila kuuarifu mfumo, ramani iliyo kichwani mwake ni ya disketi iliyokwisha ondoka. CP/M ilipogundua hivyo, ilikataa kuandika chochote.

Kuna namba moja ya CP/M iliyosafiri mbali. Disketi za IBM za inchi nane zilitoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa, na sekta zake zimejazwa baiti E5, yaani 229. Kildall alifanya E5 kuwa alama ya jina lililofutwa. Hivyo disketi mpya kutoka kwenye boksi ilisomeka papo hapo kama disketi yenye orodha iliyojaa majina yaliyofutwa, maana yake tupu, tayari kwa kazi. MS-DOS iliichukua alama hiyo mwaka 1981. Faili lilipofutwa kwenye kompyuta za IBM, herufi ya kwanza ya jina iligeuzwa kuwa E5, na hiyo ndiyo sababu programu za kurudisha mafaili zilimwuliza mtu jina lilianza na herufi gani. Zenyewe zilikuwa hazina pa kuipata.

Ambacho CP/M haikuweza kukiweka sawa ni inchi tano na robo. Osborne 1 ya mwaka 1981 iliandika sekta 10 za baiti 256 kwa traki. Kaypro II ya mwaka uliofuata iliandika sekta 10 za baiti 512, kwa msongamano mara mbili. Mfumo wa uendeshaji ni ule ule, disketi ina umbo lile lile, na hazikusomana bila programu ya kutafsiri. IBM ilimaliza ubishi huo kwa wingi wa mauzo. MS-DOS iliutoa mnyororo ndani ya sekta za data na kuuweka pamoja kwenye jedwali moja mwanzoni mwa disketi, jedwali hilo likaandikwa nakala mbili. Nakala hizo zilikaa bega kwa bega, hivyo mkwaruzo uliogusa moja mara nyingi uliigusa na ya pili. Hata hivyo ndiyo fomati iliyoshinda, na ndiyo iliyokuwa kwenye disketi za migahawani: traki 80, pande mbili, sekta 18, baiti 512, jumla baiti 1,474,560. Ile 1.44 iliyoandikwa juu yake imepatikana kwa kuhesabu elfu moja upande mmoja na 1,024 upande wa pili. Hakuna namna halali ya kuhesabu megabaiti itakayokupa 1.44.

*

Commodore Amiga, iliyozinduliwa New York Julai 1985, ilileta jibu ambalo naliheshimu kuliko yote. Disketi yake ya inchi tatu na nusu ina sekta 1,760 za baiti 512, na mzizi wa orodha uko kwenye sekta ya 880, katikati, kama kawaida ya ukoo wa Commodore ingawa wabunifu walikuwa wengine. Lakini katika mfumo wake wa kwanza kila sekta ya data ilijieleza. Baiti 24 za mwanzo zilisema sekta hii ni ya faili lipi, ni ya ngapi katika faili hilo, ina baiti ngapi za data, inayofuata iko wapi, na jumla ya uhakiki ni kiasi gani. Data ilibakiwa na baiti 488. Mzizi ukiharibika, programu ya uokoaji ingeweza kupita sekta zote 1,760 moja baada ya nyingine na kuyaunga mafaili upya, kwa kuwa kila sekta ilijua kwao. Mtumiaji alilipia usalama huo kwa mwendo wa polepole, hasa alipotaka kuona orodha ya mafaili, kwa sababu kila jina lilikaa kwenye sekta yake, na sekta hizo zilitapakaa. Toleo lililofuata liliondoa maelezo hayo ili kuongeza kasi. Najua kwa nini walifanya hivyo, na bado naona walikosea.

Mtu mwenye disketi hizi leo hawezi kuzisoma kwa kuzitia kwenye draivu ya USB. Chipu za kompyuta za kawaida zinategemea sekta za mtindo wa IBM. Hazielewi msimbo wa Apple wala wa Commodore, na Amiga iliandika traki nzima kwa mkupuo bila nafasi kati ya sekta, jambo ambalo chipu hizo hazikutarajia. Njia inayotumika sasa ni kurudi chini kule alikoanzia Wozniak. Vifaa kama KryoFlux na Greaseweazle havijaribu kusoma sekta yoyote. Vinapima muda kati ya geuko moja la sumaku na lingine, traki baada ya traki, na kuhifadhi vipimo hivyo. Kazi ya kutambua ni fomati gani inafanywa baadaye, kwa utulivu, hata mara mia, bila kuigusa tena plastiki inayochakaa. Nakala ya D64, ambayo wapenzi wa Commodore wanabadilishana kwenye intaneti, ni zile baiti 174,848 za sekta 683 zikiwa zimepangwa mfululizo. Ndani yake hakuna alama za sekta, hakuna makosa yaliyowekwa kwa makusudi na watengeneza michezo kuzuia unakili, hakuna traki ya 36 ambayo baadhi yao waliificha nje ya hesabu. Mchezo unaoitafuta traki hiyo utakataa kuanza kutoka kwenye D64. Vipimo vya mageuko vinabeba yote hayo.

Mfano bora ninaoufahamu ni wa Andy Warhol. Kwenye uzinduzi wa Amiga mchoraji huyo alimchora mwimbaji Debbie Harry kwa kompyuta mbele ya hadhira. Disketi zake zilibaki kwenye hifadhi ya jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Pittsburgh. Msanii Cory Arcangel ndiye aliyeuliza kama kuna kitu ndani, na kazi ya kuzisoma ikafanywa na klabu ya kompyuta ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, iliyotumia KryoFlux. Vipimo vya sumaku vilitoa traki, traki zikatoa sekta, na sekta ya 880 ikatoa orodha yenye majina ya mafaili kama campbells.pic na marilyn1.pic. Lakini mafaili yenyewe hayakufunguka. Warhol alitumia toleo la awali la programu ya kuchorea, na namna lilivyohifadhi picha haikulingana na fomati yoyote iliyojulikana. Wanaklabu walilazimika kuichambua baiti kwa baiti mpaka wakajua rangi ziko wapi na mistari inapangwaje. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: kopo la supu ya Campbell's, sura ya Warhol mwenyewe, na Venus wa Botticelli aliyeongezwa jicho la tatu.